Rudia, Eda

Maganda ya kahawa yakilundikwa siku mbili tatu huanza kutoa harufu ambayo mgeni hawezi kuivumilia. Ni tamu na imechacha kwa wakati mmoja, inakaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chai. Sisi tuliokulia Igamba tumeizoea kiasi kwamba hatuisikii. Lakini mwaka huu nilipokwenda nyumbani kumzika baba, msimu wa kuchuma ulikuwa umepamba moto, na niliposhuka tu kwenye gari harufu ile ikanivaa. Nikasimama pembeni mwa barabara na begi langu, nikalia kwa sauti mpaka mtoto mmoja aliyekuwa akipita akakimbia. Watu walidhani namlilia marehemu. Nilimlilia, ndiyo, lakini nililia pia kwa sababu ya simu moja ya zamani, jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote.

Baba alikuwa mwongozaji wa ndege. Kwa mtoto wa Mbozi hiyo ilikuwa kazi isiyo na maana. Baba za wenzangu walikuwa wakulima, madereva wa malori, mmoja alikuwa na duka Mlowo. Mimi nilipoulizwa darasani nilisema baba yangu anaongoza ndege, na kichwani mwangu nilimwona ametangulia mbele na fimbo, ndege zinamfuata kama ng'ombe wanaopelekwa mtoni. Alipokuja likizo nikamwuliza kama hazimkanyagi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kwamba anakaa juu kwenye mnara wa vioo, kwenye uwanja mkubwa ambako ndege zinashuka na kupaa bila kupumzika, na kazi yake ni kuongea tu. Anamwambia rubani huyu angoje, yule atue, yule apite.

"Wakikataa je?" nikamwuliza.

"Hawakatai. Ila lazima warudie nilichosema. Nikisema ngoja, naye anasema nangoja. Asiporudia, sihesabu kwamba amesikia. Ujumbe ambao haujarudiwa haujafika, Eda."

Basi mchezo ukaanzia hapo. Baba alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na siku zote za likizo hakunituma kitu bila kuniambia, "Rudia, Eda." Nenda kwa Mama Sikitu, mwambie naomba jembe lake lile la mpini mfupi, nitalirudisha kesho asubuhi. Nasimama wima, narudia neno kwa neno. Nikimaliza anasema, "Sahihi," na hapo ndipo ninaruhusiwa kukimbia. Nami nilipomtuma yeye ilibidi arudie, na mara nyingine alikosea makusudi ili aone kama namsikiliza. Nikisema niletee daftari la bluu, anarudia la kijani, anakaza uso. Nikimsahihisha anafurahi kuliko nilivyofurahi mimi. Mama, ambaye alikuwa mwalimu pale kwetu na alikuwa na mambo chungu nzima ya kufanya, alikuwa akituambia kwamba nyumba hii chumvi inachukua nusu saa kufika jikoni.

Akiondoka, nyumba ilikuwa inapoa. Nilimtamani baba kwa namna ambayo sasa naona aibu kidogo kuisema. Niliwaonea wivu hata watoto waliochapwa na baba zao, kwa sababu angalau walikuwepo.

Nilikuwa na miaka tisa habari ilipofika. Ilikuwa asubuhi, sote tuko shambani tunachuma. Kijana mmoja alipita na baiskeli barabarani, akamwambia mtu kuwa redio imesema ndege mbili zimegongana, akautaja uwanja. Kumbe redio ilisema zilinusurika kugongana, lakini hadi habari ivuke mashamba matatu ya kahawa, kunusurika kulikuwa kumeachwa njiani. Mama alitupa kikapu, akakimbilia nyumbani kwenye simu. Alimpigia baba, haipatikani. Akapiga tena na tena. Bibi yangu, mama yake baba, alivua kilemba akakaa chini mlangoni, akaanza kuita jina la mwanawe kwa Kinyiha.

Kwetu mtu halii peke yake. Kabla jua halijafika utosini wanawake walikuwa wameshaingia uani, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani na unga kwenye ndoo. Kahawa iliachwa kwenye miti, hakuna aliyeshika jembe wala kikapu siku ile. Wanaume wakawasha moto nje. Mama Sikitu, jirani yetu, ambaye kila msiba wa Igamba ulikuwa mikononi mwake, alipanga nani achote maji na nani amshike Mama. Mimi nilikalishwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kichwa changu kikashikwashikwa na mikono isiyohesabika. Niliwauliza baba amekufa? Mmoja akanifuta pua kwa kanga yake. Wanatupenda watoto, lakini kusema ukweli kwa mtoto hawawezi.

Tulilala hivyo, na kesho yake tukashinda hivyo. Alasiri, watu wakiwa wanakula, baba akaingia uani kwa miguu, na begi begani.

Kijiko kilianguka. Bibi alimtazama, akafunika uso kwa kanga, akaufunua, akamtazama tena. Baba aliangalia moto, kuni zilizopangwa, masufuria ya msibani yaliyoazimwa, Mama ameegemezwa ukutani macho yamevimba, na nadhani alielewa kila kitu hapo hapo. Alitua begi. Badala ya kucheka, au kusema jamani mimi mzima, alikaa chini kwenye mkeka wa waliofiwa, akainamisha kichwa.

"Poleni," alisema.

"Pole wewe, baba," Mama Sikitu akamjibu. Alikuwa amechanganyikiwa, lakini si mtu wa kukubali kuonekana amechanganyikiwa. "Watu wangapi?"

"Hakuna, mama. Hakuna aliyekufa."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka, akakatiza kicheko. Kisha Mama Sikitu akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Basi ugali uko motoni, tule. Na kuni tumeshazileta, hatuzirudishi. Kuni za msiba hazirudi nyumbani kwa mtu." Kwa hiyo lundo la kuni likabaki nyuma ya jiko letu. Bibi alikataa zitumike. Zilikaa pale mpaka mchwa wakazimaliza, na mara nyingi nilimkuta baba amekaa juu yake.

Watu walipotawanyika alimwonyesha Bibi ilivyokuwa. Alichukua magunzi mawili ya mahindi akayaweka kwenye mkeka. Hili liko chini, akasema, limesimama pembeni mwa njia ya kurukia. Hili linatoka juu, linakuja kutua. "Nikamwambia wa chini, ngoja hapo hapo. Wakajibu watu wawili kwa pamoja, sauti zikavurugana kwenye redio. Nikasikia neno 'nangoja', nikadhani ni yeye. Kumbe ni mwingine. Yeye aliingia njiani." Alilisogeza gunzi la chini katikati ya mkeka. "Sikumwambia arudie, mama. Kulikuwa na ndege nyingi, nikaona nitapoteza muda."

"Zikagongana?"

"Hazikugongana. Wa juu alimwona mwenzake, akapandisha tena. Alipita juu ya mgongo wake." Akapitisha gunzi moja juu ya jingine, karibu sana, na machozi yakamdondoka mkekani.

"Watu wazima wote?"

"Wazima wote."

"Sasa wewe unalia nini?" Bibi akamwuliza, kwa upole kabisa.

Mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya mlango nilikubaliana na Bibi moja kwa moja. Ndege hazikugongana. Baba alizisimamia, hazikugongana, basi baba ameshinda. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na Jumatatu nilitangaza shuleni kwamba baba yangu amezuia ndege mbili zisigongane, kwa mdomo tu, na kijiji kizima kimekuja kwetu kula kwa sababu hiyo. Nilimsikia Mama, ambaye alikuwa anafundisha darasa la pili ng'ambo ya ukuta, akikatiza somo ghafla. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Wakubwa wake walimwambia arudi nyumbani asubiri kuitwa. Ataitwa aje ajieleze, na baada ya hapo wataamua. Simu ya kuitwa ingeingia kwa Mama, maana ya baba wakati ule ilikuwa imekufa betri. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka zile simu ndogo zenye tochi. Kwetu mtandao ulikamata sehemu moja tu, kona ya kushoto ya dirisha la sebuleni, na hapo Mama alikuwa amegongomelea kopo la siagi, simu inakaa humo kama kifaranga. Ikilia, popote tulipo, baba alikuwa anasimama. Mara nyingi ilikuwa ni mwalimu mwenzake Mama anayeuliza ratiba.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma hadi leo. Wiki zile ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote za utoto wangu. Baba alinisindikiza shuleni. Alinifundisha baiskeli kwenye mteremko wa kisimani, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Kichanja cha kuanikia kahawa kilipokuwa kitupu nilipanda juu yake nikaongoza kuku kutua na kupaa, na ilikuwa siku ile tu niliyomwona anacheka tangu arudi. Alikuwa amekonda, hakumaliza chakula, usingizi hakuupata, nami niliyaona yote hayo. Nilidhani anaumwa hamu ya kurudi mnarani, na nikaapa kwamba nitampenda mpaka apone.

Jumamosi moja Mama alimshawishi aende naye shambani, kahawa ilikuwa inaangukia chini. Bibi alikuwa kanisani kwenye usafi. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikaachwa nyumbani. Kabla hawajaondoka baba alisimama mbele yangu.

"Simu ikilia, ipokee, sikiliza, uje unikute shambani. Rudia."

"Simu ikilia, niipokee, nisikilize, nije nikukute shambani."

"Sahihi."

Ililia saa nne hivi. Mwanamume, sauti ya taratibu, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri. Aliuliza mimi ni nani, nikamwambia. Akasema, "Mwambie baba kikao kimepangwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, jengo la utawala, ghorofa ya pili. Aje na kitambulisho chake cha kazi. Umesikia, binti?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Nikabaki na simu mkononi. Nilijua vikao. Chama cha wakulima kilikuwa na vikao kila mara, wanaume wanakwenda, wanarudi wamenuna, wanasema wamepotezewa muda. Sikuona baba atapoteza nini asipokwenda kwenye kikao. Niliona kitu kimoja tu, begi lake mlangoni. Basi la kutoka Tunduma lingepita Jumapili alfajiri, na yeye angekuwa ndani yake.

Kisha nikakumbuka kwamba yule mtu hakuniambia nirudie.

Sikutunga uongo, ndugu zangu. Nilipata sheria. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ujumbe ambao haujarudiwa haujafika. Mtu yule aliongea akakata, hakusubiri, kwa hiyo kwa kanuni za baba yangu hakusema kitu. Nilirudisha simu kwenye kopo. Nilijisikia mwerevu.

Walipotoka shambani jioni baba hakufika hata mlangoni. "Simu imelia?"

"Hapana."

"Haijalia kabisa?"

"Haijalia, Baba."

Jumapili basi lilipita nikiwa kitandani. Nililisikia likipiga honi kule barabarani.

Jumatano uvumilivu ulimwisha. Akachukua simu ya Mama, akapanda mlimani kwenye mtandao mzuri, akawapigia mwenyewe. Aliporudi mimi na Mama tulikuwa uani tunachambua maharage kwenye ungo.

"Wamesemaje?" Mama akauliza.

"Kikao kimepita. Kilikuwa juzi."

"Kimepitaje? Hawakukuita!"

"Wanasema walipiga."

"Walipiga wapi? Simu iko dirishani usiku na mchana! Baba Eda, hao wamekuonea. Wamekufanyia kusudi, wanataka mtu wa kumtupia lawama." Mama alikuwa amesimama, maharage yamemwagika.

Baba alinitazama. Haikuwa kwa muda mrefu. Mimi niliinama nikaokota maharage moja moja, nikajua kwamba sasa nitaulizwa, na nikiulizwa nitasema.

"Labda ni mtandao," alisema, akaingia ndani.

Barua ya kumwachisha kazi ilifika kabla msimu haujaisha. Nikapata nilichokitaka, baba wa kila siku. Alishika jembe, akapanda miche mipya ya kahawa, akawa mzee wa kanisa baadaye, na watu walimheshimu. Hakuwa mlevi, hakumpiga mtu, hakulalamika. Lakini ndege ilipopita juu, zile za mbali zenye kuacha mstari mweupe, alikuwa anaacha anachofanya na kuinamisha macho mpaka mlio uishe. Na mchezo wetu ulikwisha. Alinituma chumvi, alinituma kwa Mama Sikitu, alinituma dukani, na hakuniambia tena nirudie. Mwanzoni nilikuwa nasimama wima narudia mwenyewe bila kuambiwa. "Haya, nenda," alikuwa anasema. Hakusema sahihi. Baada ya muda nikaacha.

Nilikua na jambo hilo. Nilikwenda nalo sekondari, nikaolewa nalo. Kila mara Mama aliposimulia jinsi wakubwa wale walivyomwonea mumewe, mimi nilitoka nje kutafuta kuni. Kwa nini sikusema? Mwanzoni niliogopa kuchapwa. Nilipofika umri wa kutochapwa niliogopa kitu kikubwa zaidi, kwamba hajui, na mimi ndiye nitakayempa habari hiyo.

Mwezi mmoja kabla hajafa nilikwenda kumwuguza. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha sebuleni, karibu na dirisha lile lile. Msumari wa kopo bado upo. Ilikuwa mchana, Mama yuko jikoni anakoroga uji, nami nilikuwa namkanda miguu. Sikupanga kusema. Nilisikia tu mdomo wangu unasema.

"Baba, ile simu ililia."

Aliendelea kutazama dari. "Najua."

"Unajua?"

"Yule bwana aliniambia. Alisema amepokelewa na binti, msikivu, mwenye sauti nzuri."

"Mbona hukuniuliza?" Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule wa miaka tisa. "Miaka yote hii, Baba. Ungeniuliza ningesema."

Alipumua kwa shida. "Wewe ulikuwa mtoto, umeachiwa simu. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimesomea, nina vifaa masikioni, na sikumwambia mtu arudie. Ningekuuliza wewe kitu gani?"

"Nilikupotezea kazi."

"Labda. Labda wangenifukuza vilevile. Hata mimi sijui, mwanangu." Nikalia miguuni pake, nikimlowesha soksi. Sikutaka kuambiwa kwamba haikuwa kosa langu, na yeye, Mungu amrehemu, hakuniambia hivyo. Alinyoosha mkono akanigusa kichwani. "Alisemaje?"

"Nani?"

"Yule bwana. Alikwambia uniambie nini? Hujaniambia bado."

Nikafuta uso. Sikuhitaji kukumbuka, kwa kuwa sikuwahi kusahau hata neno. Nilisimama wima kando ya kitanda, sijui kwa nini, miguu ilisimama yenyewe. "Kikao kimepangwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, jengo la utawala, ghorofa ya pili. Aje na kitambulisho chake cha kazi."

Baba alifumba macho. Midomo ikacheza kwanza bila sauti. "Kikao kimepangwa Jumatatu," akasema polepole, "saa nne asubuhi, jengo la utawala, ghorofa ya pili. Nije na kitambulisho cha kazi."

Akafumbua macho, akanisubiri. Sijui kama ni ugonjwa uliomkosesha, au alikuwa anataka kuona kama namsikiliza.

"Saa tatu, Baba."

"Saa tatu," akasema. "Saa tatu asubuhi." Akaendelea kunitazama, hajamaliza, na nikaelewa anangoja nini.

"Sahihi," nikamwambia.

Basi akageuza uso dirishani, nami nikakaa tena nikaendelea kumkanda miguu mpaka Mama alipoleta uji.